Betri ya Chini ya Kitanda

Asubuhi ile Vipimo alikuwa anapanga sufuria. Alizitia moja ndani ya nyingine, ndogo ndani ya kubwa, na kati ya kila mbili akatandika kitambaa zisigongane njiani. Mumewe alikuwa nje, amelala chali chini ya trela, anakaza boliti huku akiimba wimbo asiojua maneno yake.

Trela lenyewe lilikuwa chumba juu ya magurudumu. Lilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, friji ndogo, na dirisha lenye pazia ambalo binamu yake Vipimo aliwashonea. Wangelivuta kwa gari hadi ziwani, wakae huko wiki nzima. Ilikuwa safari yao ya kwanza tangu waoane, na mumewe alikuwa ameshawatangazia watu wote kazini. Tatizo lilikuwa betri. Walipojaribu kulala humo uani, friji na feni viliikausha kabla hakujapambazuka, na maziwa yakachacha.

"Tuongeze ya pili," mumewe alisema kutoka chini ya trela. "Waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, basi."

"Siyo basi. Ukizifunga pamoja lazima ziwe kama mapacha. Aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Ukichanganya, ile dhaifu itakaa inainyonya yenye nguvu mpaka zote ziugue."

"Kama ndoa."

"Kama ndoa yako wewe."

Mumewe akacheka hadi spana ikamdondokea kifuani. Jina la Vipimo ni yeye aliyempa. Mkewe alikuwa msomi wa chuo kikuu, kazi yake kupima maji kwenye maabara, na hata nyumbani hakukata kitunguu bila kukisia uzito wake. Alikuwa pia mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, hurudi kukishika kitasa.

Madukani walikwishazunguka. Aina ile ya betri haikuletwa tena. Vipimo aliijua pacha yake moja tu, na aliijua vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyezinunua zote mbili siku moja, duka moja. Moja ilikuwa ya trela. Ya pili ilikuwa ya shangazi yake.

Betri ya shangazi ilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Mapafu ya bibi yule yalikuwa yamechoka siku nyingi. Alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyosimama kando ya mto, mrija mwembamba ukitoka humo hadi puani. Mashine ilikuwa na mlio wake: shhh, halafu tk. Shhh, tk. Umeme ukikatika, betri ilipokea kazi yenyewe bila mtu kunyanyua kidole. Vipimo ndiye aliyeyafunga yale yote. Shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha mpaka akavaa joho.

Vipimo alikwenda kwake, akamkuta ameketi kitandani, anachambua mchele kwenye sinia.

"Betri yako naipeleka ikapimwe, shangazi. Naona kama imechoka."

Haikuwa imechoka. Alikuwa ameipima juzi tu, na ilikuwa nzima kama mpya.

"Na umeme ukikatika?"

"Siku hizi haukatiki."

"Ukikatika je, mwanangu?"

Vipimo alikuwa amekwishapiga magoti, uso chini ya kitanda, na alishukuru kwamba hauonekani. Akavifungua vile vibanio viwili vya waya, chekundu na cheusi, vyenye meno kama ya mamba mdogo. 

Shangazi akacheka kicheko chake kikavu. "Basi nitaazima pumzi zako. Wewe unazo nyingi. Hata kucheka huzitumii."

"Mama, huyo akicheka anaandika risiti," binamu alidakia kutoka sebuleni, ambako alikuwa na cherehani yake na rundo la sare za shule.

Wote wakacheka. Vipimo naye alijitahidi. Akaifunika betri kwa kanga, akaibeba kama mtoto, akatokea mlango wa nyuma ili binamu asiulize. Kule chini ya kitanda, vibanio vilibaki vimelala ndani ya sanduku tupu. Meno yalikuwa wazi.

Kwa mumewe, Vipimo alisema ameipata kwa fundi mmoja.

Ziwani kulikuwa kuzuri mno. Waliegesha trela chini ya miti, mbali na wageni wengine. Vipimo akazifunga betri mbili ubavu kwa ubavu chini ya kiti cha mbao, na taa ya kipimo ikawaka kijani. Feni ilizunguka usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na barafu. Mumewe akaligonga bilauri lake kwenye bilauri la mkewe, akasema fundi yule apelekewe zawadi.

Vipimo alikunywa maji yale ya baridi. Alitamani kupiga simu nyumbani. Lakini mtandao ulikuwa umepotea tangu walipoteremka kilima, na moyoni alifarijika kwamba umepotea. Hilo ndilo lililomtia haya kuliko yote.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Mumewe akajitanda koti, akaenda kwa mlinzi wa kambi kutafuta mkaa mkavu. Vipimo akajilaza na kitabu. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa kijivu lakini ulitosha kusoma. Matone yaligonga bati. Friji ilinguruma kidogo, ikanyamaza.

Ndipo akausikia.

Shhh. Tk.

Alidhani ni mvua. Akainua kichwa.

Shhh. Tk.

Ulitoka chini ya kiti.

Akainuka, akazima friji. Akazima feni. Akazima taa, akachomoa hata fyuzi kuu na kuishika kiganjani. Sasa hapakuwa na kitu chochote ndani ya trela kilichoweza kula umeme. Akafunua kiti, akatazama kipimo. Betri zote mbili zilikuwa zimejaa pomoni. Mshale haukutikisika.

Shhh. Tk.

Kilichopungua kilikuwa kingine. Alivuta pumzi, ikaingia nusu. Akavuta tena, ikaingia robo. Kifua kilikaza kama mtu amemkalia. Akagundua kwamba hewa inamwingia pale tu mlio unaposema tk, na kwamba kabla haijafika chini inavutwa tena kutoka kwake, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayevuta shuka la mwenzake akiwa usingizini.

Viganja vilikuwa baridi. Vifundo vya mikono vilimuuma.

"Kidogo tu, mwanangu."

Sauti ilikuwa ya kunong'ona. Ilikuwa karibu. Ilikuwa na ule ukavu anaoujua.

Spana ilikuwa pale pale kando ya betri. Aliishika kwa mikono miwili, akaitia kwenye nati ya waya mwekundu, akazungusha. Nati ililegea. Mara moja kifua kikafunguka. Hewa ikamjaa, tamu, ya mvua na majani. Akahema kama aliyetolewa majini.

Na mlio ukakwama.

Shhh.

Shhh.

Kikafuata kikohozi. Cha mbali, kama cha chumba cha pili. Kikohozi cha mtu mzee anayetafuta kitu cha kushika. Halafu mikwaruzo ya kucha juu ya mbao. Halafu punje za mchele zikimwagika sakafuni, nyingi, kwa muda mrefu.

Vipimo alitazama spana. Mzunguko mmoja mwingine na waya ungetoka. Angepumua. Alijua vizuri ni nani asingepumua.

"Shangazi," alinong'ona, "nilikudanganya."

 Kikohozi kiliendelea, sasa kikidhoofika.

Akaikaza nati. Aliikaza mpaka mwisho, kisha akaiweka spana chini, mbali na mkono wake. Akalala ubavu sakafuni, magoti yamekunjwa, akafumba macho, na akaacha.

Shhh. Tk.

Mumewe alimkuta hapo. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Vipimo. Vipimo, una nini?"

"Turudi nyumbani," alisema. Kila neno lilimgharimu. "Usiifungue betri."

Mumewe alimpakia garini, akaliunga trela nyuma, akaendesha kwenye tope bila kuimba. Walipokuwa juu ya kilima, kifua cha Vipimo kikafunguka ghafla, chenyewe, kama mlango uliosukumwa. Simu ikapata mtandao wakati huo huo. Hakuipiga. Alimweleza mumewe betri ilitoka wapi.

Mumewe akalisimamisha gari kando ya njia. "Mimi nilikuwa nakunywa maji ya barafu," alisema, "na wewe umekaa nalo hilo."

Akaendesha usiku kucha, wakafika asubuhi.

Binamu aliwapokea mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Mmerudi mapema. Mmegombana?" Hakungoja jibu. "Dada, ile betri yako ni kiboko. Jana umeme ulikatika mchana, ukaja kurudi karibu na magharibi. Mimi nikahamia cherehani ya miguu, lakini mashine ya mama haikuzima hata mara moja. Ilikohoa kidogo pale katikati, nikainuka niende, mara ikaendelea yenyewe. Umeirudisha lini? Sikukuona."

Vipimo akapita moja kwa moja hadi chumbani.

Shangazi alikuwa ameketi kitandani. Mashavu yake yalikuwa na damu. Alionekana kijana kuliko walivyoagana, kama mtu aliyetoka likizo. Sakafuni, kwenye pembe za chumba, kulikuwa na punje za mchele ambazo ufagio haukuzifikia.

Vipimo akapiga magoti. Akalivuta sanduku, akalifunua. Lilikuwa tupu kama alivyoliacha. Vibanio viwili vilikuwa vimelala mahali pake, lakini sasa vilikuwa vimefumba. Akakifungua kile chekundu. Kati ya meno yake mlikuwa na unywele mmoja mfupi, mwembamba, wa aina inayoota mkononi.

"Nionyeshe mikono," shangazi alisema.

Vipimo akakunja mikono ya blauzi. Kwenye kifundo cha kulia palikuwa na safu mbili za vidoti vyekundu, vimepangana kama mishono ya cherehani. Kwenye cha kushoto, vidoti vilikuwa vyeusi.

Shangazi alivigusa kwa ncha ya kidole. Alivitazama kwa huruma ya kweli, na ndiyo maana Vipimo alishindwa kumtazama.

"Nilisema kwa mzaha," bibi alinong'ona. "Wallahi nilisema kwa mzaha. Halafu pumzi ikaja, nami nikaivuta. Sikuuliza ya nani."

Betri ilirudishwa siku hiyo hiyo. Vipimo aliifunga mwenyewe, akaipima, akaijaribu mbele ya binamu na mumewe. Ilifanya kazi bila kasoro. Trela likauzwa. Aliyelinunua aliuliza kwa nini chini ya kiti mna nafasi ya betri mbili na imekaa moja, na mumewe akasema ya pili ilikuwa ya kuazima.

Umeme haujaacha kukatika. Ukikatika upande ule wa mji, mashine ya shangazi huvuma kama kawaida, na binamu huendelea kushona kwa miguu akiisifu betri. Vipimo akifika jioni huinama chini ya kitanda na kuipima. Huikuta imejaa pomoni. Tangu irudishwe, haijapungua hata kidogo.

Maabarani, wenzake wameshazoea. Mchana mwingine, katikati ya kazi, Vipimo huweka chupa chini, huvuta kiti, huketi. Hukunja mikono ya koti hadi juu ya vifundo, huvilaza mezani, viganja juu, na hufumba macho. Wengine wanasema anasali. Hawamsemeshi. Ndani ya mkoba wake mna spana, na hajawahi kuitoa. Siku hizo, chumba kikinyamaza vizuri, msafishaji wa maabara anaapa kwamba husikia kitu kikivuma pale alipoketi, polepole, na kila baada ya kitambo kikigonga mara moja.