Kifungo Tumboni mwa Kitindamimba

Kila alasiri akitoka shule, Bi Kinyaa alimsaidia mama yake, fundi cherehani, kushona vifungo. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu kila kitu kilimtia kinyaa: makamasi ya mdogo wake, uji uliomwagika, hata soksi zake mwenyewe. Lakini, ajabu ya Mungu, vifungo alivibana mdomoni kama mama alivyobana pini, akavitoa kimoja kimoja vimelowa mate. Aliona ndiyo ufundi wenyewe.

Siku moja alikiweka kifungo cha chuma juu ya kigoda ili amjibu rafiki yake aliyemwita dirishani. Alipogeuka, mdogo wake wa miaka miwili alikuwa amekibana midomoni, anamtazama kwa maringo.

"Na mimi fundi!" akasema. Kifungo kikateremka.

"Mama! Mtoto amemeza kifungo!"

Jirani alikuja mbio, akataka kumtia mtoto kidole kooni atapike. Mama akamzuia, akambeba mwanawe moja kwa moja hadi hospitali, mtoto akapigwa picha ya eksirei.

"Kimeshafika tumboni," daktari alisema. "Ni kidogo, tena ni laini, hakina ncha. Ingekuwa pini au betri ya saa, sasa hivi tungekuwa chumba cha upasuaji. Kagueni choo chake kila anapojisaidia. Kisipotoka kwa siku tatu, mrudisheni. Akitapika au akiumwa tumbo, msingoje hata saa moja."

"Nani atakagua?" mama aliuliza, huku anamtazama Bi Kinyaa.

Masikini Bi Kinyaa! Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akashika kijiti, akainamia poti. Lo, harufu! Punje za mahindi zilikuwa nzima nzima, zinamkodolea macho. Akakimbilia nje, akatapika chakula chote cha mchana, akarudi tena. Kifungo hakikuwemo. Kesho yake pia hakikuwemo.

"Umeona, dada?" mdogo wake aliuliza, kasimama uchi.

Siku ya tatu hofu ilizidi kinyaa. Bi Kinyaa alikaa tangu asubuhi kando ya poti akimbembeleza mtoto ajisaidie. Mchana kijiti kikagonga kitu kigumu. Akapiga kelele za furaha, akamkumbatia mdogo wake na makamasi yake yote.

Mama alicheka, pini zimejaa mdomoni. Bi Kinyaa akanawa mikono kwa sabuni, akaleta kopo.

"Mama, tema."

Mama akainamia kopo. Akazitema moja moja, zinang'aa mate, mpaka Bi Kinyaa akasikia kichefuchefu.

"Kweli, mwanangu," mama alisema. "Yeye alikuiga wewe, na wewe uliniiga mimi. Kosa lilianzia kwangu. Kuanzia leo mdomo ni wa chakula na maneno tu. Pini, vifungo, sarafu, betri, vyote vikae kwenye kopo lenye kifuniko, mahali asipofikia mtoto."

Mtoto naye akaachama mbele yao ili wamkague. Mdomoni mlikuwa na meno na mate tele, basi. Bi Kinyaa akayafuta mate hayo kwa kiganja chake.