Kisanduku cha Sita

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipitia karakana ya mama yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la saba, maana kazi ya saa nzima aliimaliza kwa dakika ishirini, na kusema kweli, mara nyingi ilionekana kweli imelipuliwa.

Mama yake alikuwa fundi wa vyombo vya umeme. Mwezi ule alitengeneza visanduku sita vya king'ora kwa ajili ya majokofu ya chanjo. Joto likizidi ndani ya jokofu, kisanduku hulia. Programu ya visanduku iliandikwa kwa zana za mfumo mwingine wa kompyuta, si mfumo wa kompyuta yao. Kwa hiyo mama aliweka katikati programu nyingine waliyoiita Mkalimani. Zana zikiagiza jambo kwa lugha yao, Mkalimani aliieleza kompyuta kwa lugha inayoielewa.

"Mkalimani ni hodari, lakini kwenye waya wa kupeleka programu kisandukuni hufanya uzembe," mama alimwambia. "Wakati mwingine zana zinaandika 'Imekamilika', kumbe kwenye kisanduku hakijafika kitu. Shika kipimajoto cha kisanduku kiganjani, kipate joto la mwili, mpaka kisanduku kilie. Ndipo uandike daftarini 'Kimelia'. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Mama akatoka kwenda kununua waya. Visanduku vitano vililia, kila kimoja baada ya kipimajoto chake kukaa dakika kumi kiganjani. Kompyuta ilipoandika 'Imekamilika' kwa cha sita, wenzake walikuwa mlangoni wakimpigia kelele waende mpirani. Chapuchapu aliandika 'Kimelia', akatoka mbio.

Wiki mbili baadaye mama alirudi nyumbani uso umemshuka. Jokofu la zahanati ya mtaani kwao, lililofungiwa kisanduku cha sita, lilikuwa limeharibika na kushinda na joto kutwa nzima. Chanjo zote zilitupwa. Akina mama walirudishwa nyumbani na watoto wao mgongoni, na surua ilikuwa imeshaingia mtaani.

"Mama mmoja wa usafi pale zahanatini amesimamishwa kazi," mama alisema. "Siku hiyo alikuwa chumba cha jokofu akipiga deki. Anaapa hakusikia kitu. Daktari mkuu anasema masikio yake yamechoka, amefika umri wa kupumzika."

"Na king'ora, mama?"

"Daftari linasema kililia. Nimewaonyesha mwenyewe."

Chapuchapu alisukuma sahani kando. Siku nne alinyamaza, akijidanganya kwamba huenda kweli yule mama hasikii. Siku ya tano alisikia kwamba mtoto wa miezi kumi wa jirani yao amelazwa kwa surua. Alishindwa kuvumilia.

"Mama, cha sita sikukijaribu. Niliandika tu."

Mama aliweka chini bisibisi. Hakumgombeza. Chapuchapu aliona afadhali angepigiwa kelele.

"Vaa viatu," mama alisema. "Twende ukaseme mwenyewe."

Zahanatini, Chapuchapu alisema yote mbele ya daktari mkuu huku machozi yakimtiririka. Kisha akashika kipimajoto kiganjani. Dakika kumi zikapita, zikapita kumi na tano. Kisanduku kilikaa kimya.

"Kosa lingine ni langu," mama alimwambia daktari. "Niliweka sahihi daftarini bila kukisikia kwa masikio yangu."

Waliingiza programu upya kwenye kisanduku hapo hapo, wakakijaribu mara tatu, na mara zote kililia. Mtoto wa jirani alitoka hospitali baada ya siku tisa, amekonda sana. Mama wa usafi alirudishwa kazini, na Chapuchapu akaenda kumwomba radhi.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," yule mama alisema, akiegemea ufagio wake. "Lakini nikwambie ukweli. Jana nilimwomba binti yangu aniite akiwa chumba cha pili, nione kama ninasikia. Mlinifanya nisiyaamini masikio yangu mwenyewe."

Walipokuwa njiani kurudi, mama alimshika mkono.

"Chanjo nyingine zitaletwa," alisema. "Lakini yule mama alisema kweli, na neno lako moja likamfanya aonekane mwongo. Ukiandika kwamba umefanya kazi, watu wanakuamini wewe, wanaacha kumwamini mwenzako. Kama hukufanya, andika hukufanya."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Siku hiyo hakutangulia mbele; alitembea taratibu kando ya mama yake mpaka nyumbani.