Mawe ya Mababu Hayahamishwi

Asubuhi hiyo nilikuwa naanika maua ya mti wa mahua uani. Yalikuwa manono, rangi ya maziwa, bado yana umande. Mwanangu Mangra akapita na mtaimbo begani.

"Unakwenda wapi na chuma hicho?"

"Kuwahamisha mababu, mama."

Sisi Wamunda wa India huilaza mifupa ya wafu wetu chini ya mawe mapana, kando ya kijiji. Baba yake Mangra yupo hapo, na babu yake. Juzi yake askari wa msitu walituambia shamba letu la mpunga ni msitu wa serikali. Tuondoke, tingatinga linakuja. Mangra alitaka kuyapeleka mawe kwa wajomba, yasivunjwe. Nami niliona ndiyo heshima. Nikamfuata.

Njiani tukamkuta Etwari Purti. Mama huyu huzunguka vijiji kwa miguu akitetea ardhi zetu. Aliwahi kufungwa jela, na alipotoka aliendelea pale pale alipoachia.

"Johar, dada!" akanisalimu. "Mangra, mtaimbo wa nini? Unachimba viazi mwitu?"

Mangra akamweleza. Etwari akaketi chini, pale pale vumbini.

"Mwanangu, kwetu tulihamisha mawe. Tuliyabeba vizuri, kwa nyimbo. Maofisa walipokuja kuuliza nani alikaa hapa, halikuwepo jiwe la kutusemea. Leo kwetu ni shimo la makaa ya mawe."

Mangra akautua mtaimbo. "Lakini karatasi hatuna."

"Sheria haitazami karatasi tu. Mzee akisimulia aliyoyaona, huo ni ushahidi. Kisima cha zamani ni ushahidi. Makaburi pia. Na madai huanzia kwenye mkutano wa kijiji. Hati nayo huandikwa jina la mume na la mke."

Mkwe wangu Jauni, aliyekuwa ametufuata nyuma, akamcheka Mangra mumewe. "Umesikia, baba Sugna? Sasa ukinuna, nuna ukijua shamba ni langu pia!"

Tukaitisha mkutano. Wakaguzi wa serikali walipokuja kuyapima madai yetu, mzee Doman aliwapitisha jiwe hadi jiwe, akitaja kila aliyelala chini yake.

"Mawe hayasemi, mzee," askari mmoja akamkejeli.

"Hayasemi, kweli. Lakini hayajawahi kusema uongo kama wewe."

Mambo yalichelewa. Mvua zilikuja zikapita, tukawa tunalima kwa wasiwasi. Mwishowe haki yetu ikakubaliwa. Mavuno yale, wali wa kwanza niliuweka juu ya jiwe la mume wangu, ukiwa bado wa moto.

Halafu tukasimamisha jiwe refu kwenye njia ya kuingilia kijijini. Hilo hufanyiwa mtu aliyetenda makubwa, akishakufa. Sisi hatukungoja.

Etwari alilizunguka, akalipapasa.

"Mbona mna haraka ya kunizika?"

"Hapana, dada," nikamwambia. "Ulisema kwenu halikubaki jiwe. Mtu akikuuliza kwenu ni wapi, mlete hapa."