Ukuta Uliotazama Ziwa

Kila asubuhi ya likizo, Brendah alifagia uwanja, akaosha sufuria, akafua, akachota maji, kisha akafagia uwanja tena kwa sababu kuku walikuwa wameshapita. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na pale Wanyange, kando ya ziwa, hakuna aliyewahi kumwona ameketi.

"Afande Brendah!" alimtania Okoth, mtoto wa jirani, akitafuna muwa mlangoni kwao. "Hata kivuli chako kimechoka!"

"Kazi haiishi kwa kutafuna," alijibu Brendah, akapita mbio.

Wiki ile ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Mama yake, Khainza, alitaka kufungua mkahawa wa chai katika chumba cha mbele. Mwenye nyumba, Mzee Latif, aliishi Mbale, naye alikuwa ametuma ujumbe kwamba angekuja Jumamosi saa sita kukagua. Akikuta ukuta unaotazama ziwa umepakwa rangi vizuri, chumba ni cha Mama. La sivyo, angempa fundi baiskeli.

Jumatano Brendah alimaliza kazi zake zote saa nane mchana, ndipo akashika brashi. Saa kumi ukuta uling'aa. Muda mfupi baadaye usubi wa ziwani, vijidudu vidogo kama chembe za majani ya chai, ulikuja na upepo ukanasa kwenye rangi mbichi. Ukuta ukaota ndevu.

Alhamisi aliukwangua, akafanya kazi zake mbiombio, akapaka tena saa nane. Usubi ulipokuja, aliupepea kwa shuka. Shuka nayo ikanasa ukutani. Okoth alicheka hadi muwa ukamponyoka.

Ijumaa kopo lilibaki na rangi ya kupaka mara moja tu. Brendah alipoamka alikimbilia ufagio. Mama akampokonya.

"Keti."

"Niketi nifanye nini, Mama?"

"Utazame. Leo hugusi kitu."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Miguu ilimwasha, mikono ikatafuta cha kushika. Kwa kukosa la kufanya, alitazama moshi wa jiko. Asubuhi ulielekea ziwani. Karibu na adhuhuri ulisimama wima, kisha ukageuka ukamwingia machoni. Ndipo alipoona, mbali juu ya maji, wingu jeusi likiinuka na kusogea polepole kuja nchi kavu.

"Mama! Asubuhi upepo unakwenda ziwani! Mchana unarudi na usubi!"

"Hilo hata mimi nalijua," alisema Okoth.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesimama saa ngapi nikuambie?"

Jumamosi, kulipopambazuka tu, Brendah aliukwangua ukuta, akaanza kupaka. Uwanja haukufagiliwa. Sufuria zilikaa na ukoko wa posho, ugali wa jana, na kuku walitembea kama wenye nyumba. Vidole vilimwasha, lakini hakuacha brashi. Kufika saa nne ukuta ulikuwa umekauka.

Saa sita Mzee Latif aliruka sufuria mbili, akaupapasa ukuta, akatazama kidole chake.

"Safi. Lakini Khainza, nyumba hii haina mtu wa kuosha vyombo?"

"Yupo, Mzee. Leo vyombo vimepanga foleni."

Mzee Latif alicheka, akampa ufunguo wa chumba. Alipoondoka, usubi ukafika. Ulitua juu ya rangi kavu, na Mama akaukung'uta kwa ufagio mara moja tu.

Brendah aliinama kuokota sufuria. Mama akamshika mkono.

"Mwanangu, mikono yako ni hodari, na sijawahi kukulaumu kwa uvivu. Lakini kazi inayoweza kungoja ulikuwa unaipa saa nzuri, na ile isiyongoja unaipa saa mbaya. Kabla hujakimbia, keti kidogo ujiulize: kipi leo kina wakati wake? Hicho ndicho cha kwanza. Sufuria hazitakimbia."

"Kweli," alisema Okoth kutoka mlangoni kwao. "Mimi nimezitazama tangu asubuhi."

"Basi umeketi vya kutosha, baba," alisema Mama. "Njoo uzioshe."