Doa Lisilomeza

Asubuhi ile chupa ya jeli ilikuwa na joto. Chumba cha ultrasaundi kilikuwa kimefungwa tangu jana, na jeli ikilala humo huwa baridi hadi wagonjwa huruka ikiwagusa. Bi Mkubwa aliishika, akahisi joto la kiganja, kana kwamba mtu ameiweka mezani sasa hivi. Akasema bismillahi, akaita mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa mke mwenzake.

Mume wao alikwisha kuzikwa, Mungu amrehemu. Alifariki katika zamu ya Bi Mdogo, kitandani kwa Bi Mdogo, na ilisemekana kwamba jina la mwisho ulimini mwake lilikuwa la Bi Mdogo. Bi Mkubwa alikaa eda yake, akarudi kazini, na neno lile likamganda kooni, halipandi wala halishuki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Lala hapo. Polepole."

Bi Mdogo alilala, mkono wake ukiwa kwenye plasta. Ulivunjika aliponyanyua ndoo ya maji, tena haikuwa imejaa. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine nne, ndogo kama punje za mchele, ambazo kazi yake ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu. Mojawapo ikiota uvimbe, huinyang'anya mifupa kalsiamu yake hadi iwe kama chaki. Dawa ni kuitoa. Lakini kwanza ionekane iliko, na katika hospitali ile aliyejua kuisaka ni Bi Mkubwa peke yake.

"Wewe chora alama, mimi nitakata pale pale," daktari wa upasuaji, ambaye wauguzi walimwita Bwana Wembe, alikuwa amemwambia. "Upande mmoja tu. Moyo wake hautastahimili kulazwa usingizi mara ya pili."

Bi Mkubwa aliweka mto chini ya mabega ya mwenzake, shingo ikajinyoosha. Akaipaka jeli.

"Leo mmeichemsha?" Bi Mdogo alicheka kidogo. "Au ndiyo heshima ya mke mwenza?"

"Usicheke, shingo inatikisika."

Akazima taa. Hapo harufu ikaingia. Ilikuwa ya mafuta ya kuchua, yale yale marehemu aliyojipaka magotini kila alipotoka kuswali.

"Dada," Bi Mdogo alinong'ona. "Unaisikia?"

"Nyamaza."

"Ni yeye, dada."

"Aliyekufa harudi. Anayekuja na harufu yake ni mwingine. Nyamaza, mtaje Mola wako."

Kwenye kioo cha mashine, upande wa kulia, palikuwa na doa jeusi. Lilikuwa zuri mno, la duara kama yai, kingo zake safi kuliko picha yoyote aliyowahi kupiga. Akabonyeza kitufe cha rangi ili aone damu inavyopita, na wekundu ukalizunguka doa mara moja, kama vile lilikuwa likimsubiri, na kutoka kwenye spika ya mashine ukatoka mvumo wa damu, shwaa, shwaa, na ndani ya mvumo ule, chini kabisa, ikawapo sauti ya mwanamume anayeongea mdomo ukiwa kwenye mto wa kulalia, ikisema hapa, mke wangu, chora hapa, nani atakuuliza, picha si hii, mimi nilimtaja yeye, na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?

Alijua kitakachotokea. Bwana Wembe angekata kulia, asikute kitu, ashone, na mifupa iendelee kuliwa hadi yule aliyetajwa amfuate aliyemtaja. Alijua, na mkono wake ukachukua kalamu. Ncha ikagusa ngozi.

Kilichomwokoa ni mazoea ya kazi. Mdomo wake ulisema wenyewe neno ambalo humwambia kila mgonjwa kabla ya kuchora.

"Meza mate."

Bi Mdogo akameza. Koo likapanda, tezi ikapanda, nyama yote ya shingo ikapanda na kushuka kama inavyofanya kwa kila aliyeumbwa kwa udongo. Doa halikupanda. Lilibaki pale pale, kisha likageuka polepole, kama jicho linalomtafuta aliye nyuma yake.

"Meza tena."

Safari hii, upande wa kushoto, kutoka nyuma ya kidari, kilipanda kitu kidogo kilichopinda kama haragwe, kikachungulia, kikazama pamoja na koo.

Bi Mkubwa alisoma Ayatul Kursi kwa sauti, akachora alama kushoto. Chupa ya jeli ikaanguka yenyewe. Harufu haikutoka nje kwa mlango. Ilimpitia usoni, ikasimama midomoni mwake, ikapotea.

Bwana Wembe alikata kushoto, akatoa kitu kama haragwe.

Plasta ilipotolewa, Bi Mdogo alirudi kushukuru. Chumba kilikuwa na wao wawili tu.

"Niambie kweli," Bi Mkubwa alisema. "Alikutaja?"

Bi Mdogo aliinamisha kichwa. "Umeniokoa, dada. Sitakudanganya. Alinitaja."

Bi Mkubwa akashika shingo.

"Una nini?"

"Kimeniganda kitu hapa."

"Basi lala, nami nikupime," Bi Mdogo alisema, nusu mzaha. "Nimekutazama vya kutosha."

Jeli ilikuwa baridi kama ipasavyo. Bi Mdogo akakiweka kipimio shingoni pa mwenzake, upande wa kulia, na tabasamu likamfutika usoni. Lilikuwapo doa, la duara, safi.

"Meza mate, dada."

Akameza. Wote wawili walitazama kioo.

"Meza tena," Bi Mdogo alinong'ona. "Dada, nakuomba, meza tena."

Na jeli shingoni ikaanza kupata joto.