Kikohozi cha Pikipiki ya Yesaya

"Usiiguse, Ambwene! Imewaka tena alfajiri."

Felista alikuwa mlangoni pa banda, amejitanda kanga mbili, anatetemeka. Juni ya mtaa wetu wa Chapwa ina baridi yake, lakini namjua Felista. Alikuwa anaogopa.

"Nani kaiwasha?"

"Unamjua."

Namjua, ndiyo. Yesaya, marehemu mumewe, mwenye pikipiki. Hapa Tunduma nimeshindana na madereva wa malori wenye pesa na maneno matamu waliomtaka Felista, na sikuwahi kuogopa. Huyu aliyezikwa ndiye aliyenishinda. Kila Felista akikaribia kuijibu posa yangu, ile pikipiki kuukuu inawaka bandani. Inakohoa, inakohoa, halafu kimya.

Jioni alikuwa amenitumia ujumbe: "Nimeamua. Njoo kesho tuongee na mama."

Alfajiri ukaingia mwingine: "Usije. Yesaya hataki."

Nikaja hivyo hivyo, na mfuko wa spana mkononi.

"Fely, umewahi kutoka ukaangalia?"

"Nitoke niangalie nini? Najifunika blanketi, nasali mpaka kukuche."

"Na mama je?"

"Anasema hasikii kitu. Naitwa mimi peke yangu, Ambwene."

Hapo na mimi nywele zilisimama. Mama huyo ni mkwewe, mama mzazi wa Yesaya. Alishuka kutoka kijijini Ibaba kuja msibani, akabaki kuishi na Felista.

Nikaweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa na uvuguvugu.

Nisiwadanganye, nilitaka kukimbia. Lakini fundi akikimbia pikipiki, atakula wapi?

"Mzimu hauchomi petroli," nikasema. "Ngoja ipoe, nikuoneshe kitu."

Ilipopoa kabisa nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena mpaka jasho likanitoka na baridi yote ile.

"Unaona? Choki yake ilikufa zamani, na kabureta inavuta hewa kupita kiasi. Ikiwa baridi haiwaki mpaka uibembeleze. Sasa tazama."

Nikainama, nikaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja cha mkono wa kulia, nikapiga kiki. Ikakohoa. Ikakohoa tena, ikanguruma kidogo, ikazima.

Felista akapiga yowe. "Ndiye huyo! Ndivyo anavyokuja!"

"Basi anayekuja ana mkono wa nyama. Yesaya alimfundisha nani kuziba hivi?"

"Mimi hakunifundisha."

Nikamwonesha kiganja changu, kimelowa petroli. Akakinusa. Akakaa chini palepale.

"Harufu hii... asubuhi zote hizo huwa naisikia kwenye kikombe cha chai. Nikadhani ni ya marehemu."

"Chai anakuletea nani?"

Akainua uso. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama pale na birika mkononi, amesikia yote.

"Ni mimi, mwanangu," akasema.

"Mama?"

"Kule Ibaba alikuwa anaiwasha chini ya dirisha langu, na umande ule. Alinifundisha siku alipoumia mkono. Nilikuwa nikisikia hicho kikohozi najua mtoto wangu ameamka mzima. Alipokufa, nikasema niwashe mara moja tu, nimsikie."

"Na mimi nikitetemeka chumbani, hukujua?"

Bibi wa watu akaweka birika chini.

"Mwanzoni sikujua. Nilipojua... niliendelea. Jana nilikuona unatabasamu na simu, nikajua umemkubali fundi. Ukiolewa, mimi nabaki na nani?"

"Mama, nimekonda! Nimemkataa mtu ninayempenda, nikidhani nimelaaniwa!" Felista alikuwa analia kwa hasira sasa. "Ungeniuliza tu! Ningeondokaje nikakuacha wewe?"

Felista akapita mbele ya mama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikabaki na adui yangu, ile pikipiki. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu. Nikaifungua kabureta, nikasafisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, nikatengeneza choki, nikakaza skurubu ya hewa kidogo kidogo mpaka moyo wangu ukaridhika. Nikaiacha ilale na baridi.

Asubuhi yake niliporudi, umande ulikuwa umelowesha hata kiti. Nikavuta choki, nikapiga kiki moja. Ikawaka! Hakuna kikohozi wala kusitasita. Nikajisemea, Yesaya, kwaheri ya kuonana.

Felista akatoka. Mama naye akatoka, macho yamevimba, akasimama mbali na mkwewe. Akaisikiliza muda mrefu.

"Imepona," akasema. "Ila huyo si mwanangu."

"Mama, pikipiki inatakiwa iwe hivi," nikasema.

"Najua. Fundi, sina haki ya kuomba kitu hapa. Nirudishie kikohozi chake tu, niende nayo Ibaba. Huku mtakaa kwa amani."

Nikamtazama Felista. Alikuwa ananitazama mimi, na nikaelewa kwamba jibu la posa yangu lilikuwa kwenye bisibisi. Nilimwonea wivu yule marehemu, jamani, acheni tu.

Nikazima. Nikachomoa waya wa choki. Nikalegeza ile skurubu mpaka pale alipokuwa ameiacha Yesaya.

"Ikipoa, itakohoa," nikamwambia mama. "Lakini Ibaba huendi nayo. Itakaa uani kwetu, na wewe utakaa nasi."

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa Kindali, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Felista akamwendea, akaushika ule mkono unaonuka petroli, akaukumbatia.

"Bado nimekukasirikia, mama."

"Nikasirikie tu. Ni haki yako."

Kisha akanigeukia. "Asiyemfukuza marehemu hatamfukuza mama yangu. Peleka barua kwetu, Ambwene. Nakubali."

Tulifunga ndoa kabla mahindi hayajapandwa. Mpaka leo, alfajiri baridi ikikaza, Yesaya hukohoa uani. Mimi bado hushtuka kidogo. Felista hajifuniki tena blanketi, hunipiga kiwiko.

"Amka, mume wangu. Mama ameshawasha. Mpelekee chai."