Namba Iliyobadili Sauti ya Bibi

Kila asubuhi ya likizo ya Juni, Rosemary aliwasha jiko la mkaa, akachemsha chai, kisha akafagia chumba ambamo baba yake, Marcelino, alirekodia kwaya. Nyumba yao ilikuwa Mahongole, Makambako. Rosemary, msichana wa miaka kumi na miwili, aliruhusiwa kufagia chumba hicho, lakini si kugusa kompyuta.

Jumatano moja baba alikwenda sokoni. Rosemary alitaka kuingiza kwenye kompyuta wimbo wa darasa lao, ambao rafiki yake Jasmine aliurekodi kwa simu. Programu ya muziki iliukataa. Ilionyesha kwamba wimbo ulikuwa na namba 44,100, nayo ilikuwa imepangwa 48,000. Rosemary akaibadili namba ya programu, akahifadhi.

Kisha akafungua wimbo wa bibi yake, Cresensia, aliyefariki mwezi uliopita. Ulikuwa wimbo wa Kibena wa kubembeleza mtoto. Familia haikuwa na kumbukumbu nyingine ya sauti yake, na Jumamosi ndugu wote wangeusikiliza baada ya misa ya kumwombea.

Spika zikatoa sauti nzito kuliko ya bibi, inayojikokota, kama ya mtu mgonjwa. Rosemary hakukumbuka tena ni wapi ndani ya programu alipoibadili ile namba. Alizima kompyuta, akatoka nje na kukaa juani.

Baba aliporudi, aliusikiliza wimbo mara tatu. Kisha akamwita Rosemary, akamuuliza kama alikuwa amegusa kompyuta.

"Hapana, baba," Rosemary alijibu. "Umeme ulikatika ghafla, ukarudi."

Baba alimwamini, na hilo lilimwogopesha zaidi. Kila baba alipolitaja jina lake, alishtuka.

Kesho yake walibeba kompyuta, wakapanda gari kwenda Njombe kwa fundi Nahumu, aliyewawekea ile programu. Baba alimweleza habari za umeme. Fundi aliusikiliza wimbo, akatikisa kichwa. Alisema kama umeme ndio ulioharibu, itabidi wapige window upya, yaani kufuta kila kitu kilichomo na kuanza mwanzo.

"Futa tu," baba alisema kwa sauti ya chini. "Sauti ya mama imeshaharibika."

Fundi alichomeka flashi. Rosemary alitazama kidole cha fundi kikishuka kwenye kitufe. Alijua akikiri atamwaibisha baba mbele ya fundi, na pengine asisamehewe.

"Baba, umeme haukukatika," alisema. "Nilibadili namba."

Fundi aliondoa mkono. Alimuuliza namba ipi, na Rosemary akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Fundi akafungua mipangilio, akarudisha 48,000, akabonyeza. Bibi Cresensia akaimba, kwa sauti yake ileile nyembamba.

Baba alifunika uso kwa viganja, akasikiliza mpaka mwisho.

Fundi alimweleza Rosemary kwamba kompyuta huikata sauti vipande vidogo sana. Wimbo wa bibi ulikatwa vipande elfu arobaini na nane kwa kila sekunde. Rosemary aliiamuru programu isome vichache zaidi kwa sekunde, ndiyo maana sauti ikawa nzito na ya polepole. Wimbo wenyewe haukuwa umeguswa.

Walipotoka nje, Rosemary alisubiri kugombezwa. Baba alimfunika mabega kwa koti lake, kwa kuwa upepo wa Njombe ulikuwa mkali.

"Ulikosea kugusa kompyuta bila ruhusa, na hilo tutalizungumza nyumbani," alisema. "Lakini namba imerekebishwa kwa dakika moja. Uongo wako ndio uliotaka kunifanya nimfute mama yangu. Siku nyingine ukiharibu kitu, mwanangu, njoo uniambie ukiwa bado unaogopa. Usingoje woga uishe."